Ngano ya Mjomba Iko Wapi?

Kila asubuhi kabla ya shule, Kwanini alipaka mafuta makopo ya kuokea huku mama yake akikanda unga. Hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alibandikwa jina hilo na mjomba wake, kwa sababu msichana huyo hakuacha kuuliza maswali hata mdomo ukiwa umejaa mkate.

Siku hiyo mama alikuwa amenuna. Unga ulikuwa umepanda bei tena, na tanuri lililoilisha familia nzima lilikuwa na ufa uliozidi kupanuka. Akiba ya kununulia jingine ilikuwa tayari. Hapo ndipo mjomba alipoingia, simu mkononi, akicheka peke yake.

"Dada, wewe lia tu na bei ya unga. Mimi mwezi uliopita nilinunua ngano!"

Kwanini alichungulia nje. Hakuona gunia wala mkokoteni. "Umeiweka wapi, Mjomba?"

"Haiwekwi popote, mpwa wangu. Nimenunua vipande vya mfuko wa uwekezaji wa ngano kwenye soko la hisa. Ngano ikipanda, na mimi napanda. Dada, weka humo ile akiba ya tanuri. Baada ya miezi michache utanunua mawili."

Mama aliacha kukanda. Alitazama ule ufa, akatazama simu. "Mawili?" aliuliza polepole. Kwanini aliona wazi kwamba ameanza kushawishika.

"Lakini Mjomba, unga si umeshapanda? Vipande vyako navyo vimepanda kiasi gani?"

"We mtoto una maneno!" Mjomba alifungua simu kwa madaha. Kicheko kikamkauka. "Mbona vimeshuka?"

Hakuna aliyejua jibu, na jambo hilo lilimkera Kwanini kutwa nzima darasani. Jioni aliwaburuta wote wawili hadi ofisini kwa wakala aliyemuuzia mjomba vile vipande, mama mmoja mpole mwenye miwani.

"Shikamoo, mama. Ngano ya Mjomba iko wapi?" aliuliza kabla hata ya kukaa.

"Marahaba. Haipo," alijibu wakala. "Mfuko huu hauna ghala. Una mikataba ya ngano itakayoletwa miezi ijayo. Mkataba ukikaribia kufika siku yake, mfuko unauuza na kununua wa mbele zaidi. Sasa, wa mbele ukiwa ghali kuliko huu, kwa pesa zile zile unapata ngano pungufu. Hutokea mara nyingi tu."

Kwanini alikunja uso akifikiri. "Ni kama mtu anayenunua mkate wa kesho? Kesho ikikaribia anauuza, ananunua wa keshokutwa ulio ghali zaidi, na kila mara anapata kipande kidogo?"

"Hapo umepata."

"Na mkate wenyewe hali hata siku moja!"

Mama yake alicheka hadi akafuta machozi. Mjomba hakucheka. "Lakini ngano imepanda," alilalamika.

"Imepanda kidogo, na soko lilishatarajia. Bei za mbele zilikuwa juu tangu siku uliponunua. Tena mavuno yakiwa mazuri, ngano yenyewe inaweza kuporomoka. Wapo wanaofaidika, sikatai. Ila si mahali pa kuweka pesa unayoitegemea."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama una swali, ukasema mambo haya unayajua. Na mimi nilikosea kukuacha uende hivyo hivyo."

Mjomba aliona aibu kweli kweli.

Wiki iliyofuata fundi alifunga tanuri jipya. Mama alimkatia Kwanini kipande cha mkate wa kwanza, ungali unatoa mvuke.

"Ungenyamaza, leo tungekuwa na vipande kwenye simu na ufa kwenye tanuri," alisema. "Kabla ya kutoa pesa yako, mwanangu, uliza unanunua nini hasa, na kinaweza kukupotezea nini. Usipopata jibu unalolielewa, rudi nayo nyumbani."

Kwenye kona, mjomba alikuwa ameinama akimsumbua fundi. "Hiki ni cha nini? Moshi unatokea wapi? Na likiharibika, analipa nani?"

Fundi alimgeukia mama, amechoka. "Huyu naye anaitwa nani?"

"Kwanini Mkubwa," alijibu mpwa wake, mdomo ukiwa umejaa mkate.