Leseni Iliyofutika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifagia duka la mama na kupangusa vumbi kwenye kompyuta za wateja. Moja tu, iliyokaa chini ya meza, sikuruhusiwa kuigusa. Haikuwa na kioo wala kibodi, na kazi yake ilikuwa kuwagawia intaneti watu wa mtaa mzima. Fundi wa mtandao, kijana mpole tuliyemwita Fundi Waya, ndiye aliyeweka humo programu ya ruta, ile inayogawa intaneti, pamoja na leseni yake, yaani kibali cha kuitumia.

"Kiherehere," aliniambia siku alipoiweka, maana ndilo jina nililobandikwa nyumbani, "leseni imekaa ndani ya diski. Ukifuta diski, umefuta na leseni. Usiiguse."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi nilipotoka shule, mama akiwa ameenda sokoni, niliiunganisha na kioo na kibodi, nikachomeka flashi yenye mchezo wa magari. Kompyuta ikauliza kama nataka kufuta kila kitu. Nikabonyeza ndiyo.

Mchezo ulikataa, na intaneti ya mtaa ikakatika. Jasho lilinitoka. Lakini nilikuwa nimemtazama Fundi akifanya kazi, na programu yake pamoja na nakala ya mipangilio vilikuwa kwenye droo. Nikaiweka upya, na saa tisa na nusu intaneti ikarudi. Kwenye kioo palikuwa na maandishi: hakuna leseni, majaribio ya saa ishirini na nne. Nikachomoa kioo na kibodi, nikanyamaza.

Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo, na maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi na mbili jioni. Duka lilijaa vijana na wazazi wao. Ilipofika saa tisa na nusu, intaneti ikazimika.

Fundi aliitwa, akainama chini ya meza, akaiunganisha kompyuta na kioo, akasoma. "Leseni haipo," akasema. "Kuna mtu ameifuta."

Maneno hayo nusura yamuue. Muuza nyama, ambaye binti yake alikuwa amejaza fomu hadi katikati, alimkamata ukosi. "Mtu gani, kama si wewe? Nani mwingine hapa anajua kuingia humo?"

"Juzi nilimwona kwenye duka la intaneti la ng'ambo ya barabara," mtu akadakia. "Leseni amewapelekea wale."

Ngumi ya kwanza ilitua mdomoni, damu ikaruka juu ya kibodi. Wakamburuta hadi barabarani. Watu wasiojua hata leseni ni kitu gani walikuja mbio na fimbo. Kiti cha duka kilivunjikia mgongoni mwake. Mama alijitupa katikati akiwasihi, wakamsukuma, akaanguka na kuvunjika mkono. Fundi alijikunja chini akikinga kichwa, wakawa wanakanyaga vidole vyake.

Nilikuwa nyuma ya mlango. Niliuogopa mkanda wa mama kuliko damu ya mtu, na hadi leo naona aibu kulisema hilo. Kisha muuza nyama akaokota tofali.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta nimelala juu ya Fundi, teke la mtu likanipata ubavuni. "Ni mimi," nikasema. "Niliifuta mimi. Nilitaka kuweka mchezo."

"Rudia," akasema muuza nyama, tofali likiwa bado juu.

Nikarudia. Akaliweka tofali chini taratibu, kama anayeweka mayai.

Fundi alitema jino kiganjani, akasafisha uso bombani, akaomba simu ya mama. Alisema waliotengeneza programu hutoa leseni nyingine kwa anayeeleza kilichotokea. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, hakuweza kubonyeza.

"Andika wewe," akaniambia.

Nikaandika kwamba nilifuta diski.

"Ongeza kwamba ulikuwa umekatazwa."

Nikaongeza, machozi yakidondokea simu. Jibu lilikuja saa kumi na moja. Nikaingiza leseni mpya huku Fundi akinitajia herufi moja moja, na intaneti ikarudi. Binti wa muuza nyama alituma maombi yake zikiwa zimebaki dakika arobaini. Baba yake hakungoja kuona. Alikuwa ameshampakia Fundi kwenye mkokoteni wake wa nyama, anausukuma mwenyewe kwenda zahanati, sisi nyuma.

Huko, baada ya mama kufungwa bendeji, nilisubiri anichape kwa mkono uliobaki mzima. Hakunichapa. Alituita mimi na muuza nyama mbele ya kitanda cha Fundi.

"Wewe baba mzima ulipiga kwanza, ukauliza baadaye," alisema. "Ungemuua mtu asiye na kosa, na binti yako angeingia chuo akiwa mtoto wa muuaji." Muuza nyama aliinamisha kichwa. Kisha mama akanigeukia. "Na wewe mwanangu, umesema kweli, nimekusikia. Diski imepata leseni nyingine. Fundi hapati jino jingine. Kosa lako ukilificha, jua kuna mwenzio anapigwa kwa ajili yake."