Ghala la Mvua

Harufu ya udongo uliolowa ilijaa ghalani, na Oktoba hiyo Songea haikuwa imeona hata tone la mvua. Violeth, mtunza kumbukumbu, alisimama mlangoni akaziba pua.

Ghala lilikuwa jipya. Serikali ilikuwa imefunga mkono, na Thadeo, mkuu wa kituo cha utafiti wa kilimo, alikuwa na takwimu za mvua za mkoa mzima, tangu enzi za wakoloni, zisizo na nakala popote. Alitaka jengo kubwa la bei ya chini. Akabomoa kichuguu kikubwa cha kijiji cha Mpitimbi, akafyatua matofali kwa udongo wake. Wazee walimsihi kwanza wamwage unga na pombe, aliyemo aombwe ahame. Thadeo alicheka. Jamani, mtu yule alikuwa mbishi!

"Mkuu, kuta zinatafuna," Violeth alinong'ona.

"Mchwa hao. Pigeni dawa."

Dawa ikapigwa, sauti ikazidi. Walipofungua sanduku la takwimu za kijiji cha Lusewa hawakukuta karatasi wala mchwa. Lilijaa udongo mwekundu, mgumu, wenye umbo la mafaili.

"Lusewa ninayo kichwani," Thadeo alisema. Kweli, alikuwa akizitaja mvua zake mwaka kwa mwaka. Akafungua kinywa. Hakukumbuka hata mwaka mmoja.

Mama Kunegunda, mganga, aliletwa. Aliweka sikio ukutani, akarudi nyuma haraka.

"Mlimbomolea jini nyumba, halafu mkamjengea kubwa zaidi. Ahame aende wapi? Anakula kumbukumbu, baba, na hachagui za kwenye karatasi. Bomoeni leo hii."

"Nibomoe, kumbukumbu zilizobaki zipotee?"

Thadeo akajifungia ghalani kuyatoa masanduku peke yake, na Violeth, akiwa nje, alimsikia akitaja majina ya vijiji kwa sauti, Maposeni, Mpitimbi, kisha nusu ya majina, kisha silabi tu, huku kutafuna kukipanda juu ya sauti yake mpaka ikamezwa.

Jioni Thadeo alifika nyumbani mikono mitupu. Binti yake, Agape, alimkimbilia.

"Shikamoo, baba!"

Thadeo alimtazama kwa adabu, kama mgeni.

"Mtoto huyu ni wa nani?"

Ursula, mkewe, aliogopa sana. Akamshika mumewe uso kwa mikono miwili, na udongo mwekundu, umelowa, ukamchuruzika Thadeo sikioni hadi kwenye kiganja cha mkewe. Humo sikioni kitu kilikuwa bado kinatafuna.