Alama ya Mama Mkwe

Joëlla alitoka kliniki ya Kigobe asubuhi akiwa na furaha. Kovu lililokuwa limevimba kama harage kwenye ukingo wa sikio lake la kushoto lilikuwa limekatwa, likachomwa sindano ili lisirudi. Siku hiyo daktari Sylvère alimtoa bandeji na nyuzi, akambana sikio kwa kibanio cha plastiki.

“Ukivae usiku na mchana, miezi sita,” alisema. “Na usitobole tena pahali popote. Ngozi yako haisamehe.”

Nyumbani, wifi yake Médiatrice alikuwa akichagua mchele. Alilitazama sikio kabla ya kuitikia salamu.

“Umelikata.”

“Nimelikata, wifi. Lilikuwa linaniwasha.”

“Mama alikutoboa na mukono yake, akapaka uzi mawese, siku uliingia hapa. Ile ilikuwa alama ya nyumba. Amekufa, we unamufuta.”

“Mi nimefuta ugonjwa.”

“Sikio la kufa halisikii dawa,” Médiatrice alicheka. “Utamueleza mwenyewe.”

Mume, Gaël, alikuwa Kigoma na meli ya mizigo. Baada ya chakula cha mchana Joëlla alifunga komeo la chumba, akalala. Alipoamka, kibanio kilikuwa juu ya mto. Kimefunguliwa. Komeo halikuguswa.

Kesho yake ikawa vilevile. Akamshuku Médiatrice. Mchana uliofuata alijilaza macho yakiwa yamefumbwa, akimsikiliza wifi yake akifua uani na kuimba.

Wimbo ulikuwa bado uani vidole vilipomgusa.

Vilikuwa baridi. Vilifungua kibanio. Vikapapasa penye mshono, taratibu, kama vinatafuta kitu. Vikasita.

“Hapa hapafai tena,” sauti ilinong'ona.

Uani, Médiatrice aliendelea kuimba.

Baada ya siku hiyo kibanio hakikufunguliwa tena. Siku ya kurudi kliniki Joëlla alichana nywele mbele ya kioo, hakuona kitu.

“Limepona vizuri,” Sylvère alisema. “Ngozi imelala.”

Joëlla alishusha pumzi. Daktari akamgeuza kichwa.

“Nilikukataza kutoboa.”

“Sijatoboa, munganga.”

Alimpa kioo. Sikio la kulia, ambalo halikuwahi kuguswa na sindano, lilikuwa na tundu ukingoni. Uzi mweusi ulipita humo, umefungwa fundo, kama wanavyofungwa watoto wachanga ili tundu lisizibe. Kando yake ngozi ilikuwa imeanza kuinuka.

Sylvère aliukata uzi kwa mkasi. Ulikuwa umepakwa mawese.

Mawese yalikuwa bado na joto.