Aliyekutua Ndiye Akutwike

Hadithi hii niliisikia kwanza kwa baba yangu, Anselm, jioni ya Ijumaa Kuu mwaka 1955, nyumbani kwetu Chemchem. Aliisimulia mara moja tu. Niliiandika, na kesho yake nikamsomea. Akasahihisha mambo mawili. Ninayoandika hapa ni yale aliyoyakubali.

Ilikuwa Agosti 1938, kiangazi. Baba na shemeji yake Damas, mume wa shangazi Josepha, walikuwa wakitafuta pembe ya ndovu. Babu yake Damas, mzee Lugembe, alikuwa kirangozi, yaani mwongoza msafara, zamani za kupeleka pembe pwani. Katika safari yake ya mwisho aliifukia pembe moja kando ya njia ili Wajerumani wasiichukue. Mpagazi aliyeibeba, alisema mzee, alitoroka. Mahali penyewe hakumtajia mtu. Aliwaachia wajukuu wimbo.

Ukoo mzima wa Damas unaujua wimbo huo. Unaanzia kwenye mkuyu fulani, unasema "geuza" mara kadhaa, unaishia penye mawe. Mara ngapi, sitaandika. Watu walidhani kila "geuza" ni kambi ya kulala. Wakachimba hadi karibu na Tura. Hawakupata kitu.

Damas ndiye aliyefumbua. Siku moja yeye na baba walikuwa wamebeba boriti za nyumba. Damas akasema, "Shemeji, bega linawaka. Nageuza." Akahamishia boriti bega la kushoto, akasimama palepale kama aliyepigwa.

Pembe haibebwi kichwani. Hubebwa begani, na bega likichoka, mpagazi hugeuza. Wimbo ulikuwa unahesabu mabega! Na mtu mwenye mikono mitupu hawezi kuufuata, kwa kuwa bega lake halichoki. Damas akakata gogo la mninga, zito kama pembe. Kesho yake mchana wakaondoka.

"Gogo hilo mnampelekea nani?" shangazi Josepha aliuliza mlangoni.

"Babu yangu."

"Mwambie na mimi nataka kuni. Yeye ameshakufa, atapikia nini?"

"Wewe funika ugali, mama. Leo nakula kwa mkono wa tajiri."

Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho. Baba aliyakumbuka kwa sababu wote watatu walicheka.

Kutoka kwenye mkuyu Damas alibeba gogo, akageuza, akabeba, akageuza. Baba alihesabu. "Geuza" ya mwisho iliwafikisha penye mawe, jua likiwa limeshuka kwenye vichwa vya miyombo. Wakachimba.

Kina cha kiwiko, harufu ikapanda. Ugoro na jasho. Si harufu ya kitu kilichooza... jasho bichi, la mtu aliyetoka kutembea.

Jembe likagonga kengele.

Ilikuwa kengele ndogo, iliyofungwa kwenye ncha ya pembe kama wapagazi walivyofanya. Wakaondoa udongo kwa mikono. Pembe haikulala juu ya ardhi. Ililala juu ya bega. Mifupa ya mtu ilikuwa imepiga magoti humo shimoni, vidole vimeishika pembe.

"Hakutoroka," baba alisema.

Damas alicheka, kicheko cha mtu mwenye hofu. Akaikumbatia pembe, akaiinua kutoka kwenye lile bega.

"Pole na safari, mzee," alisema. "Tumekutua."

Hapo ndipo alipokosea, na alipaswa kujua. Wapagazi walikuwa na desturi moja: aliyekutua mzigo ndiye akutwike. Pembe ile mtu hawezi kujitwika peke yake. Basi ukimtua mwenzako njiani, humwachi. Ukimwacha, mzigo ni wako. Kwetu desturi hii ipo hata kisimani, kwa ndoo za maji.

Baba akamtwika Damas, wakaliacha gogo pale, wakashika njia ya kurudi. Damas mbele, pembe begani, kengele ameishindilia majani isilie. Baba nyuma na jembe. Jua likazama.

Kengele ikalia.

Haikulia mbele. Ililia nyuma ya baba.

"Nitwike..."

Sauti ya chini, yenye subira, kama ya mtu anayeomba maji.

"Damas, umesikia?"

"Usigeuke, shemeji. Tembea."

"Nitwike..."

"Itupe, Damas! Itupe tukimbie!"

"Haitoki."

"Haitoki nini?"

"Begani. Haitoki." Wakatembea kidogo. Kisha Damas akasema, kwa sauti ya mtu aliyepumzika: "Anselm... bega haliniumi tena."

Akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa babu yake. Akageuka, akampita baba kwenye njia ile nyembamba, akirudi walikotoka. Alipita karibu sana. Macho yake yalitazama mbali. Alinuka ugoro, naye Damas hakuwahi kunusa ugoro maisha yake yote.

Baba alimfuata mbio hadi penye mawe. Shimo halikuwepo. Ardhi ilikuwa ngumu, imeota nyasi, na nyasi zenyewe zimekauka kana kwamba hazijaguswa kiangazi chote. Gogo la mninga lilikuwa limelala juu yake. Baba aliweka sikio chini.

Chini kabisa, kengele ililia mara moja.

Boma lilipotuma askari kumtafuta Damas, baba aliwapeleka mahali pengine, mwendo wa saa mbili kutoka pale. Alisema walipotezana wakifuata asali. Josepha alikuwa dada yake wa tumbo moja. Uongo wake aliujua.

"Kaka, nionyeshe alipo."

"Sipajui."

"Unapajua. Mke wa mtu anataka kaburi, kaka. Hata rundo la mawe nitalipalilia."

Ndipo akamwambia jambo moja tu. "Nikipaonyesha, watachimba. Wakichimba watamtua. Na atakayemtua..."

"Basi nimtue mimi. Ni mume wangu."

"Wewe ndiye hasa ninayekuficha," baba alisema. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena. Alikaa miaka ishirini akimtazama dada yake akiweka sahani mbili mezani.

Baba alifariki Februari 1959. Juma moja kabla alinitajia mkuyu na idadi. Akaniapisha.

Siku ya arobaini shangazi alinishika mkono nyuma ya jiko. "Mwanangu, wewe umesoma. Niambie basi Damas alikufaje." Nilimhurumia. Nikamsomea daftari langu, nikiruka mkuyu na idadi. Nilijiona nimekuwa mwangalifu sana. Gogo sikuliruka. Bega sikuliruka.

Alisikiliza hadi mwisho, akanishukuru. Sikufikiri kwamba wimbo anaujua, wote, na mkuyu wake, tangu alipoolewa. Siri pekee aliyokuwa hana ni ile niliyompa.

Sasa ni Julai 1960. Wamezikwa baba yangu Anselm na mzee Lugembe. Mimi ni mzima. Shangazi Josepha naye ni mzima. Jana jioni nilipopeleka unga kwake nilikuta mlango umerudishiwa, ugali umefunikwa, na mchi haupo kwenye kinu. Jirani alisema amemwona akielekea njia ya zamani. Alishangaa: wanawake wa kwetu hubeba kichwani, lakini Josepha alikuwa ameuweka mchi begani, anaimba, na mara mojamoja anageuza.

Nilimfuata hadi kwenye mkuyu. Giza lilikuwa limeingia. Nilisimama pale, idadi ninayo kichwani, na sikupiga hatua.

Leo asubuhi amerudi. Ana vumbi miguuni. Amesema miguu ilichoka kabla ya wimbo kwisha: mchi ni mwepesi mno, bega halichoki upesi, atatafuta kitu kizito zaidi.

Damas sijui nimwandike upande upi, wa waliozikwa au wa wazima.