Maduka Matatu, Sauti Moja

Asubuhi ile zizi la kina Mokami lilikuwa kimya mno. Ndama wagonjwa walisimama vichwa chini, hata nzi hawawafukuzi.

Mokami wa Gorong'a alisomea kutibu mifugo, akafaulu. Alichokosa ni kibali. Bila hicho, hakuruhusiwa kutibu mifugo ya watu.

Alikwenda sokoni na mama yake, Nyangi, kununua dawa.

"Bei imepanda, mama. Ukichelewa, wanakufa," alisema mwenye duka la kwanza.

"Bei imepanda, mama. Ukichelewa, wanakufa," alisema wa pili.

Wa tatu hata hawakumuuliza bei. Aliwatazama tu, akasema maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Nyangi alimshika binti yake mkono. "Hawa wamerogwa. Twende kwa mganga!"

Walirudi nyumbani na nusu ya dawa tu, maana pesa hazikutosha. Ndama wawili wakafa. Mokami alilia kwa hasira.

Wiki ile ile aliitwa na kamati ya vibali, kuhusu maombi aliyopeleka. Alifungua mlango. Nyuma ya meza walikaa wenye maduka wale wale watatu. Wakatabasamu kwa pamoja.

"Waganga wa mifugo wametosha, binti. Nenda nyumbani."

Jirani yao Luciana, msaidizi wa kisheria, aliposikia hakucheka.

"Hapana, mama. Huo si uchawi. Wamepanga bei pamoja, na sheria ya ushindani inakataza. Halafu wao wao ndio wanaamua nani afungue kazi ya kushindana nao!"

"Si serikali imewaweka?" aliuliza Mokami.

"Imewaweka, lakini si kwa ajili ya matumbo yao. Mwenye maslahi anapaswa kutoka kwenye kikao. Kata rufaa kwa ofisi iliyowateua, maana ndiyo inayowasimamia. Mambo ya bei peleka Tume ya Ushindani."

"Wakitudhuru?" aliuliza Nyangi.

"Wanategemea uulize hivyo, mama."

Mokami alipeleka malalamiko yote mawili. Watu wakaanza kumkwepa, kwa kuwaogopa wale watatu. Salamu yake ilibaki hewani, kama amekwisha kufa.

Lakini ofisi ile iliwaondoa watatu hao kwenye kikao, ikasikiliza maombi yake upya. Kibali kikatoka. Tume nayo ilipoanza kuchunguza, kila duka likawa na bei yake.

Siku moja ng'ombe wa Marwa, mmoja wa waliomkwepa, alishindwa kuzaa. Mokami aliitwa. Majirani walijazana langoni, wakaziba njia.

"Pisheni!" Nyangi alipaza sauti. "Daktari apite!"

Wakapisha.