Daftari la Chinsaga

Kila siku ya shule, saa kumi na robo alasiri, Zilpa alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akabadilisha sare na kushusha pumzi kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali. Wenzake wa Gredi ya Saba walikuwa bado uwanjani wakicheza mpira wa wavu. Yeye alikuwa na mboga za kupima.

Laiti zingekuwa za kupika tu. Hizi zilikuwa za kupima.

Yote yaliletwa na dada yake Adhis, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Kisii, mwaka wa tatu. Muhula huo kila mwanafunzi wa darasa lao alitakiwa kujichagulia kozi moja, yoyote aipendayo. Mwenzake mmoja alichagua afya ya macho. Mwingine alichagua matibabu ya wanamichezo, na Zilpa aliona huyo ndiye mwenye akili. Adhis alichagua biokemia.

"Biokemia ni nini?" Zilpa alimwuliza.

"Ni kemia inayoendelea ndani ya mwili. Chakula kinavyogeuka kuwa nguvu, damu na mifupa."

"Na mimi inanihusu nini?"

Ilimhusu sana, kwa bahati mbaya. Adhis alitaka kujua ni kiasi gani cha vitamini C kinachobaki kwenye chinsaga, yaani mboga ya mgagani, inapopikwa jinsi watu wanavyoipika nyumbani. Mboga ilipaswa kuchumwa na kupimwa papo hapo, kwani ikifika Kisii huwa imekwisha kunyauka. Adhis aliishi bwenini na kurudi nyumbani Nyamira Ijumaa jioni tu. Mama yao alishinda dukani mjini akiuza sare za shule. Akabaki Zilpa. Daktari Persis, mhadhiri wa Adhis, alikubali kwa sharti kwamba mtoto afundishwe vizuri kwanza.

Zilpa alifundishwa Jumapili nzima. Kila siku alipaswa kuchuma konzi tatu za chinsaga kwenye shamba dogo la jirani yao, Mama Bosire. Konzi ya kwanza ilipimwa mbichi, ya pili ilichemshwa dakika tano, ya tatu ilichemshwa nusu saa. Kila moja aliiponda, akaichuja, akatia maji kidogo ya wali yenye wanga, kisha akadondosha iodini tone baada ya tone mpaka maji yageuke rangi ya samawati iliyokolea. Matone yakiwa mengi, vitamini ni nyingi. Alihesabu, akaandika kwenye daftari, akaosha kila kitu. Siku kumi za shule, bila kukosa.

Wiki ya kwanza alivumilia. Mboga mbichi ilikunywa matone ishirini na kitu, ya dakika tano kumi na mawili au kumi na matatu, ya nusu saa matatu au manne tu. Kesho yake ilikuwa vivyo hivyo. Kesho kutwa, vivyo hivyo.

"Nishajua jibu," alimlalamikia mama yake wiki ya pili ilipoanza. "Ukichemsha sana, vitamini inaisha. Kwa nini nirudie tena na tena?"

"Usiniulize mimi," Mama alisema, akitafuta kichungi cha chai kwenye kabati. "Mimi nyumba yangu imegeuzwa maabara. Mara sufuria haionekani, mara kichungi kina majani. Mwulize daktari wako."

Jumanne ya wiki hiyo, kocha wa timu ya shule alitangaza kuwa angechagua wachezaji wa kwenda kushindana Keroka. Zilpa alibaki uwanjani. Jumatano alibaki tena, na Alhamisi pia. Ijumaa alikimbia nyumbani, akapima mboga za siku hiyo haraka haraka, halafu akakaa mezani na daftari. Mistari mitatu ilikuwa mitupu. Aliangalia nambari za wiki iliyopita, akabuni nyingine zinazofanana nazo, akaandika moja baada ya nyingine kabla wino haujakauka. Kazi hiyo haikumchukua dakika mbili.

Adhis alifika saa moja. Hata kabla ya kunywa chai alilifungua daftari, na uso wake ukakunjamana.

"Zilpa, hii Jumatano imekuwaje? Mboga iliyochemshwa nusu saa matone ishirini na mawili, na mbichi matone matatu?"

Zilpa alichungulia daftari. Alikuwa ameandika nambari za Jumatano kwenye safu zisizo zake.

"Sijui," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Jumamosi ilikuwa siku ndefu. Adhis aliamini iodini imeharibika, akaimwaga yote na kutengeneza nyingine. Akapima mboga upya mara nne, na kila mara majibu yalitoka sawasawa, mbichi juu, ya nusu saa chini. Akashuku maji ya wali. Akashuku sufuria, mpaka Mama akaondoka jikoni akinung'unika kwamba sufuria yake ilikuwa nzima kabla ya biokemia kuzaliwa. Ripoti ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Zilpa alipita kando ya meza mara nyingi, na kila alipotaka kusema, uso wa dada yake ulimtisha, akapita.

Jioni Adhis alisimama ghafla. "Basi ni shambani. Kuna kitu kilitiwa kwenye hizo mboga Jumatano. Twende."

Mama Bosire alikuwa akipalilia. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na tangu akina Zilpa wahamie hapo kutoka upande wa ziwani alikuwa akiwaachia wachume mboga bila kuwauliza.

"Mama Bosire, samahani," Adhis alianza, ingawa sauti yake haikuwa ya kuomba samahani. "Wiki hii ulinyunyizia mboga dawa?"

"Dawa gani?"

"Dawa ya wadudu, au mbolea ya majani. Vipimo vyangu vimeharibika, na kila kitu kingine nimekagua. Imebaki mboga yako."

Mama Bosire aliweka jembe chini polepole. "Mboga hii watoto wangu wanakula. Mimi mwenyewe nakula. Sijawahi kutia dawa. Kama unaona mboga yangu ni mbaya, usichume tena."

"Sijasema ni mbaya, nimesema kuna kitu..."

"Umesema," Mama Bosire alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Hapo Zilpa alishindwa kuendelea kusimama nyuma ya dada yake. "Ni mimi," alisema. "Jumanne, Jumatano na Alhamisi sikupima. Nilikuwa uwanjani. Hizo nambari nimeziandika tu."

Adhis alimgeukia. "Nimemwaga iodini nzima," alisema. "Nimeshinda siku nzima nikitafuta kosa."

"Na mimi nimetukanwa shambani kwangu," Mama Bosire alisema, "kwa sababu ya mtoto kucheza mpira."

Zilpa alimwomba msamaha. Kisha Adhis naye aliomba, safari hii kwa sauti ya chini, kwani alikuwa amemshutumu mtu bila ushahidi wowote. Mama Bosire aliokota jembe lake. Alisema amesikia, lakini siku hiyo waende tu nyumbani.

Walipofika, Adhis alimpigia simu Daktari Persis na kumweleza kila kitu bila kuficha. Sauti ya mhadhiri ilisikika jikoni kote.

"Kosa la kwanza ni lako, Adhis. Ulimwachia mtoto kazi wiki mbili na hukumpigia simu hata siku moja kumwuliza anaendeleaje. Sasa futa hizo siku tatu. Andika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba hazikupimwa, na useme kwa nini. Alama utapunguziwa, lakini ripoti nitaipokea. Huyo mdogo wako yuko hapo?"

"Niko, Daktari," Zilpa alijibu.

"Nisikilize. Siku saba za kweli zinanitosha. Siku kumi zenye tatu za kubuni hazinifai hata kidogo, kwa sababu sitajua nizisadiki zipi. Leo ni mboga. Dada yako akihitimu, itakuwa damu ya mgonjwa, na daktari atatoa dawa kulingana na nambari aliyoandikiwa na mtu mwingine. Mtu huyo akichoka, aseme amechoka. Kuchoka si kosa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi mpe dada yako rula."

Zilpa alileta rula, lakini Adhis hakuipokea. Alimsogezea daftari na kalamu. Zilpa akapiga mstari juu ya Jumanne, juu ya Jumatano na juu ya Alhamisi, na kando ya kila mstari akaandika kwa mkono wake mwenyewe: haikupimwa.