Malva ya Kaburi la Tant Lettie

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Driena Januarie alikuwa na kazi tatu: kuchota maji mferejini, kumlisha nguruwe, na kumchumia nyanya yake, Ouma Sanna, majani manne ya malva. Malva ni jeraniamu ile ya majani laini yenye harufu ya waridi. Kichaka cha Ouma kilisimama kando ya mlango wa jikoni, kirefu kumpita Driena mwenyewe, na kila aliyeingia alikigusa kwa bega, harufu ikaingia naye ndani. Jani moja Ouma alilitia kwenye birika la chai. Mawili aliyatandika chini ya bati la keki au kuyatosa kwenye jamu ya tini. La nne aliliweka chini ya mto wake. Na mtoto yeyote wa kijiji chao, Bokdrift, akiumwa sikio, aliletwa kwa Ouma Sanna. Ouma alipasha jani moto, akalisokota, akaliweka mlangoni mwa sikio taratibu, huku akimsimulia mtoto vituko vya mbwa wake wa zamani mpaka kilio kikaisha.

Majuma mawili kabla ya Pasaka, Ouma alipelekwa hospitali ya mjini kufanyiwa upasuaji wa macho.

"Driena," alisema akiwa tayari amekaa kwenye gari, "komeo la banda la nguruwe ni bovu. Ukifunga, zungusha na waya. Na malva yangu uniangalizie. Ndiyo kitu pekee alichoniachia mama."

"Nimesikia, Ouma."

Alisikia kweli. Lakini Jumanne iliyofuata alichelewa kuamka, akasukuma mlango wa banda kwa mguu na kukimbilia shule. Waya ulibaki ukining'inia.

Aliporudi mchana alisikia kishindo kabla hajaona kitu. Nguruwe alikuwa mlangoni pa jikoni, pua imezama ardhini, akikirusha kichaka cha malva huku na huku kama mbwa anayemuua panya. Driena alinyakua ufagio, akampiga mgongoni. Ufagio ukavunjika. Nguruwe akageuka, akamgonga magotini na kumwangusha chini, kisha akapita juu yake kwato zikimchana mkono. Driena akainuka akilia kwa hasira, akachukua koleo, akampiga nalo mpaka mnyama akakimbilia bandani akipiga kelele.

Malva ilikuwa imekwisha. Shina lilitafunwa, mizizi ilipinduliwa juu, majani yalikanyagwa yakawa matope. Uwanja mzima ulinukia waridi.

Driena alikaa kizingitini mkono ukimtoka damu. Mama yake alifanya kazi kwenye mashamba ya matunda na kurudi jioni. Alijua atamwambia kwamba nguruwe ameharibu bustani, na mama hatauliza sana. Lakini Ouma je? Hata asipoona vizuri, Ouma ataijua malva yake kwa harufu. Na Bokdrift nzima kulikuwa na malva nyingine moja tu yenye harufu ile ile. Iliota juu ya kaburi la Tant Lettie Koopman, 'shangazi' wa kijiji kizima.

Bokdrift ni kijiji cha misheni, na kila kaburi lina mmea wake. Hakuna anayechuma hata jani kaburini bila kwenda kwanza kwa wenyewe. Unabisha hodi, unaomba, nao wanakuja kukukatia kwa mkono wao. Driena alilijua hilo tangu hajajua kusoma. Lakini akiomba, ataulizwa sababu, na sababu itamfikia Ouma.

Alichukua mundu na kikapu, akapanda kilimani.

Alikata tawi la kwanza vizuri. La pili lilikuwa gumu. Akasikia mtu akipiga mluzi kwenye njia ya juu, moyo ukamruka, akashika matawi kwa mikono miwili na kuvuta kwa nguvu zote. Kichaka kikapasuka katikati mpaka chini. Driena akaanguka kinyumenyume juu ya ubao wenye jina la Tant Lettie, nao ukakatika.

Hakuuinua. Alifunika kikapu kwa aproni, akakimbia. Getini alikutana uso kwa uso na Wilmot Fortuin, mwanafunzi mwenzake, tarumbeta kwapani. Wilmot alikuwa mdogo kuliko wapigaji wote wa bendi ya kanisa, na alifanya mazoezi kilimani ili asichekwe. Pasaka hiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kupiga alfajiri makaburini, kijiji kizima kikisikiliza.

"Mbona unahema hivyo? Umeona mzimu?" alimtania.

"Niache!" Driena akampita.

Nyuma ya banda la nguruwe alichomeka vijiti sita, vikiwa bado vinatoka maji, kwenye makopo mawili ya udongo, akavimwagilia tele na kuvifunika kwa gunia. Kijiti cha saba kilimponyoka kikabaki juu ya ukuta wa banda. Hakukiona.

Jumamosi familia zilipanda makaburini kusafisha na kupaka chokaa kwa ajili ya Pasaka. Oom Apools Koopman, mzee aliyekuwa mume wa Tant Lettie, alifika na wanawe wawili, Jakob na Hansie. Mzee aliuona ubao uliokatika na kichaka kilichopasuliwa. Alipiga magoti, akaanza kuunganisha vipande vya ubao.

Jakob ndiye aliyeuliza. "Nani alikuwa huku wiki hii?"

Mtu mmoja akajibu kwamba kila siku husikia tarumbeta ya mtoto wa Gert Fortuin.

Hilo lilitosha. Koopman na Fortuin walikuwa wamegombania zamu za maji ya mfereji kiangazi kizima.

"Kumbe!" Jakob alinguruma. "Wezi wa maji sasa wanaibia hata wafu!"

Walimkuta Wilmot kwenye kisima cha kanisa. Driena alikuwa hapo na ndoo, hatua kumi tu.

"Ulikuwa kaburini kwa mama yangu?"

"Nilikuwa kilimani, lakini si mimi niliye..."

Ngumi ikamkata maneno. Hansie akamshika mikono kwa nyuma.

"Si wewe, ni nani? Sema! Ulimwona nani?"

Wilmot alitema damu. Macho yake yalimpita Jakob, yakatua kwa Driena. Yakakaa hapo kidogo, kisha yakaangalia chini.

"Sikuona mtu."

"Haya, mpiga tarumbeta, Pasaka utapigia puani!" Jakob akampiga tena, mdomoni hasa. Wilmot akaanguka juu ya mawe ya kisima, na jino likabaki pale, dogo, jeupe, kwenye maji yaliyomwagika.

Bibi mmoja aliyekuwa akifua alikuja na shuka lake safi, akalikandamiza bila kujali damu kwenye mdomo wa mtoto, akamwambia Jakob, "Una umri gani wewe, jitu zima?" Driena alijaza ndoo yake, akaenda nyumbani, akavimwagilia vijiti vyake maji tena.

Jumapili alasiri, mawe yalivunja madirisha yote ya Koopman. Vioo vilimkata Oom Apools shingoni. Usiku huo mbwa wa Fortuin alikufa kwa kupigwa. Jumatatu asubuhi hakuna aliyemsalimia mwenzake Bokdrift.

Saa sita gari lilimshusha Ouma Sanna. Jicho moja lilifungwa bandeji. Alitembea hadi mlango wa jikoni, akanyoosha mkono pembeni kama alivyofanya miaka yote, na mkono ukashika hewa.

"Driena. Malva yangu iko wapi?"

"Nguruwe, Ouma. Alitoka bandani."

"Peke yake?"

Ouma alipapasa mkono wa Driena, akakuta makovu ya kwato, akayasugua kwa kidole gumba. "Pole, mtoto wangu. Alikuumiza," alisema. "Na nini kingine kinakuuma?"

Lau angemgombeza, Driena angeweza kuendelea kunyamaza. Kabla hajasema lolote, kelele zilipanda kutoka mferejini. Wanaume walikuwa wakipiga mayowe, na chuma kiligonga chuma.

Driena alikimbia nyuma ya banda, akavuta gunia. Vijiti vilikuwa vyeusi. Alikigusa kimoja kikalegea mkononi kama mboga iliyooza. Akakumbatia makopo yote mawili kifuani, akakimbia kuelekea mferejini.

Akina Fortuin walisimama ukingo huu, Oom Gert mbele na mpini wa jembe. Akina Koopman walisimama ukingo ule, Jakob na koleo. Mawe yalikuwa yameanza kuruka. Mtu mmoja alikuwa tayari chini, ameshika kichwa.

"Mimi!" Driena alipiga kelele. "Ni mimi niliyevunja kaburi!"

Hakuna aliyesikia. Akaingia mferejini, maji yakimfika magotini, akasimama katikati yao na kuinua kopo juu ya kichwa. Jiwe likalipiga kopo likaruka. Jingine likampata juu ya nyusi. Alihisi joto likitiririka jichoni, lakini aliendelea kupaza sauti.

"Ni mimi! Wilmot aliniona akanificha! Nilimwacha apigwe! Ni mimi!"

Mikono iliyoshika mawe ikashuka upande mmoja, halafu upande wa pili. Vijiti vyeusi vilielea kwenye maji kati ya mistari miwili ya wanaume.

Jakob Koopman ndiye aliyelitupa jiwe lile. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alishuka mferejini, akavua shati lake, akalikunja, akalibana kwenye paji la uso la Driena. Kisha akambeba.

"Mtoto wa watu," alikuwa akinung'unika. "Ningekuua mtoto wa watu."

Oom Apools alikuja polepole, shingo imefungwa kitambaa. Driena aliona aibu kumtazama.

"Kwa nini, binti?"

Akamweleza yote: komeo, waya, nguruwe, mundu.

Mzee alikaa ukingoni. "Unajua malva ya Lettie ilitoka wapi? Wiki niliyomzika, Ouma wako alipanda kilimani na kijiti cha malva yake ndani ya leso iliyoloa. Alikipanda mwenyewe. Ungekuja kwangu, ningekukatia kichaka chote nikakubebea mpaka mlangoni."

Oom Gert aliutupa mpini wake majini. Alimgeukia Jakob. "Jino la mwanangu halioti tena."

"Najua, Oom Gert," Jakob alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kisimani. "Nitakuja kwenu leo. Nipige ukitaka."

"Sitaki kupiga mtu. Njoo useme na yeye."

Jioni ile Driena alikwenda nyumbani kwa Fortuin, akiwa ameshonwa nyuzi nne juu ya jicho. Jakob alikuwa ameshafika na kuondoka. Wilmot alikuwa kitandani, mdomo umevimba kama mkate.

"Kwa nini hukunitaja?" Driena aliuliza.

Wilmot alisema kwa shida. "Ouma wako aliniponya sikio. Na nilidhani utasema mwenyewe. Nilikuwa nakungoja."

Driena alilia, na Wilmot hakumkataza wala hakumbembeleza.

Kesho yake Ouma aliomba apelekwe nyuma ya banda. Alipapasa ukutani, na vidole vyake vikakutana na kijiti kile kilichoanguka, kikavu mwishoni, bado kijani juu. Akakinusa, uso ukafunguka.

"Hiki kinaishi. Vingine vimeoza, siyo?"

"Ndiyo, Ouma. Na nilivimwagilia sana."

"Ndiyo maana." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamvuta Driena karibu. "Gusa hapa kilipokatwa. Unaona pamekuwa pagumu? Kijiti cha malva ukikikata, kina kidonda. Unakilaza kivulini siku moja au mbili, kwenye hewa, kila mtu akione. Kidonda kinakauka, kinajifunga, ndipo unakipanda. Wewe ulivifukia vikiwa vibichi, ukavifunika na gunia, ukavizamisha kwa maji. Kidonda kilichofichwa kinaoza, Driena. Cha kijiti, na cha mtu. Wewe ulificha kosa dogo la waya, likaoza, likamng'oa Wilmot jino, likamuua mbwa, likakaribia kuua mtu. Siku ile ile ungekilaza nje, kingekuuma tu wewe, na kwa siku moja."

"Na sasa, Ouma?"

"Sasa kimeshalazwa nje. Kitauma. Kiache kiume."

Walikipanda pamoja kando ya mlango, Ouma akiukandamiza udongo kwa vidole vyake na vya Driena. Oom Apools alikata sehemu zilizopasuka za kichaka cha kaburini, akaacha shina fupi, akasema litachipua. Driena alipangiwa kulipandishia maji kila siku mpaka masika, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Alfajiri ya Pasaka, bendi ilipiga makaburini bila Wilmot. Alisimama pembeni, tarumbeta imefungwa kitambaa, akisikiliza wenzake. Jakob Koopman alikuwa nyuma yake, kofia mkononi. Walipopita kaburi la Tant Lettie, Wilmot aliinama juu ya shina lile fupi, akalisugua kwa kidole gumba, na kunusa.

Kisha akamnyooshea Driena kidole kile ili naye anuse.